UZI: Scientology, mahali ambapo mlalamikaji ndiye anayegeuka mkosaji

Kisimani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kila uzi wa Scientology unaofunguliwa hapa huishia kwa waigizaji wa Hollywood. Leo naomba tuzungumzie namna madaraka yanavyotumika ndani ya taasisi ile, na kwa nini mtu aliyepigwa au kufungiwa hana mlango wa kugonga. Naanza na muundo, wenye kujua mtaongezea.

L. Ron Hubbard, mwandishi wa hadithi wa Marekani, alitoa mafundisho ya Dianetics, njia yake ya kutibu akili, mwaka 1950, na dini yenyewe, Kanisa la Scientology, likafuata miaka michache baadaye. Agosti 1967, akiwa na meli zake, akaunda Sea Org. Hawa ndio watumishi wa kudumu: sare na vyeo vya jeshi la majini, chakula na malazi ya pamoja, posho ambayo waliotoka huitaja kuwa kama dola 50 kwa wiki, na mkataba wa miaka bilioni 1. Mkataba wa muda huo unatokana na imani yao kwamba roho hurudi katika mwili mwingine na kuendelea na kazi ileile. Muumini wa kawaida anayelipia kozi zake mjini haishi hivi. Unyanyasaji mwingi tutakaoutaja uko Sea Org, na Sea Org ndiyo inayoshika ngazi zote za juu.

Kisheria kuna kampuni kadhaa. Church of Scientology International inaendesha makanisa. Religious Technology Center, iliyoundwa 1982 na ambayo tutaiita RTC, inamiliki alama za biashara. Church of Spiritual Technology inashika hakimiliki za maandishi ya Hubbard. Kila moja ina bodi yake kwenye karatasi. Lakini wanaokaa kwenye bodi hizo ni watu wa Sea Org, na ndani ya Sea Org amri hufuata cheo. David Miscavige ni mwenyekiti wa RTC na ndiye mwenye cheo cha juu, kwa hiyo neno lake linapita bodi zote.

Umiliki wa alama usiuone mdogo. Oktoba 1982 waliokuwa wakiendesha vituo vidogo kwa leseni waliitwa San Francisco, wakaambiwa kwamba alama sasa ziko RTC na anayekaidi atanyang'anywa leseni na kushtakiwa. Wengine walifukuzwa palepale. Tangu hapo hakuna tawi linaloweza kumpinga wa juu na bado likaitwa Scientology.

---

Hawa wa Ilala

Asante mkuu. Swali: huyo Miscavige alichaguliwa na nani?

---

Kisimani

Hakuchaguliwa, dada. Alizaliwa 1960, akaingia Sea Org 1976 akiwa na miaka 16, akawekwa kwenye kikosi cha wajumbe wa Hubbard. Wajumbe hawa walikuwa vijana wadogo wanaobeba amri za mzee, na mjumbe akisema, ni kama mzee amesema. Mwaka 1980 Hubbard akajificha na hakuonekana tena hadharani hadi kufa kwake Januari 24, 1986. Kwa miaka hiyo sita maagizo yalipita kwa watu wachache mno. Anayeshika njia ya barua ndiye aliyekuwa akijua mzee anataka nini, na wengine walilazimika kumwamini.

Hubbard alipokufa, Pat Broeker na mkewe, waliokuwa wakiishi naye mafichoni, ndio walioonekana kama warithi. Waraka uliowapa nafasi hiyo ukafutwa kwa hoja kwamba si wa Hubbard. Mwaka 1987 Miscavige akawa mwenyekiti wa RTC, na yupo hadi leo. Hakuna muhula, hakuna mkutano mkuu wa kumpigia kura.

---

Mwana Mdimu

Niingie kwenye mitambo ya kila siku, maana hapo ndipo utamaduni unapozaliwa. Nitatafsiri maneno yao kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

Kwanza ni takwimu. Kila mtumishi ana kipimo chake: barua alizotuma, vitabu alivyouza, saa alizotoa, fedha alizoingiza. Wiki inafungwa Alhamisi saa 8 mchana. Mstari wa grafu ukipanda una haki zako. Ukishuka, unahesabiwa una tatizo la maadili, unapangiwa "hali" ya chini na kupewa hatua za kujirekebisha: kazi za ziada, usingizi mdogo, pengine kuzunguka na karatasi ukiomba wenzako wakusaini ili urudishwe kundini. Sasa fikiria mkuu wa idara Jumatano usiku, grafu yake imelala. Atambana aliye chini yake amuuzie mtu kozi leo hii, hata kwa mkopo wa kadi ya benki. Aliye chini atambana muumini. Shinikizo linateremka ngazi kwa ngazi, na linaanza upya Ijumaa.

Pili ni ripoti. Ukiona mwenzako amekiuka utaratibu unatakiwa uandike, nakala iende kwenye faili lake. Usipoandika na ikajulikana, unabeba kosa pamoja naye. Mume anaandika juu ya mke, mtoto juu ya mzazi. Matokeo yake hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake "hili si sawa", kwa sababu huyo mwenzake analazimika kuliandika.

Tatu ni kukaguliwa kwa kile kifaa, E-meter. Unashika makopo mawili, umeme mdogo sana unapita mwilini, sindano inacheza, mkaguzi anauliza. Ukaguzi wa kawaida unahesabiwa kuwa tiba ya roho. Kuna mwingine wa "usalama", ambao ni mahojiano yenye orodha ya maswali: umeiba, umelala na nani, umemfikiria vibaya Hubbard. Orodha moja maarufu ya 1961 inaitwa Joburg, kwa jina la Johannesburg ilikotengenezwa. Sindano ikiruka, kikao hakifungwi mpaka useme kitu. Na yote yanaandikwa na kutunzwa.

Nne, na hapa ndipo kiini cha uzi huu: Hubbard alifundisha kwamba mtu anayekosoa ana maovu yake aliyoyaficha. Ukosoaji si habari kuhusu anayekosolewa, ni dalili ya ugonjwa wa anayekosoa. Akafundisha pia kwamba baya likikupata, ulijivutia mwenyewe. Weka mafundisho hayo mawili pamoja na kile kifaa. Mtu anasema, "Bosi amenipiga." Jibu la mfumo ni kumkalisha kwenye makopo na kumuuliza, "Wewe umefanya nini?" Atahojiwa hadi akumbuke kosa lake lolote, na akilikumbuka, kesi ya bosi imekwisha.

---

Ngurumo

Mwana Mdimu umeeleza vizuri, ila naona kama mnamlaumu mzee kwa makosa ya kijana. Wapo waliojitenga na kanisa wanaoendelea na mafundisho ya Hubbard kivyao, na msimamo wao ni kwamba Miscavige ndiye aliyeharibu: majengo makubwa yasiyo na watu, michango isiyokwisha, vipigo. Zamani haikuwa hivyo.

---

Mwana Mdimu

Ndugu Ngurumo, hoja hiyo naifahamu, na kwenye michango ina ukweli. Debbie Cook, aliyekuwa nahodha, yaani mkuu, wa makao ya Clearwater, Florida, kwa miaka 17, alituma barua pepe kwa maelfu ya waumini mkesha wa mwaka mpya wa 2012, akilalamikia hasa kuchangisha fedha kinyume na maandishi ya Hubbard. Barua nzima alitumia nukuu za Hubbard, akiwa bado muumini.

Lakini kuhusu ukatili, tarehe zinakukataa. Mwaka 1968, Hubbard akiwa nahodha, watu waliokosea walitupwa baharini kutoka sitahani kama adhabu rasmi, na watoto walifungiwa kwenye chumba cha mnyororo wa nanga. Januari 1974, bado yuko melini, kikaanzishwa kikosi cha kurekebisha tabia kinachojulikana kwa herufi RPF: mavazi meusi, kukimbia badala ya kutembea, kutozungumza na wengine mpaka uzungumzishwe, kazi za sulubu, kulala pabaya kuliko wote. Miaka hiyo Miscavige alikuwa bado mtoto, hajaingia Sea Org. Aliyoyakuta ni nyenzo zilizokwisha tengenezwa.

Na ofisi ya upelelezi, Guardian's Office, ilianzishwa 1966 chini ya mke wa Hubbard, Mary Sue. Watu wake walijipenyeza ndani ya ofisi za serikali ya Marekani na kunakili nyaraka. FBI wakavamia Los Angeles na Washington Julai 8, 1977. Watu 11 wakatiwa hatiani, Mary Sue akahukumiwa miaka 5. Kwenye nyaraka zilizokamatwa ndipo ilipothibitika kwamba mwandishi Paulette Cooper, aliyeshtakiwa 1973 kwa vitisho vya bomu, alitengenezewa kesi hiyo.

---

Tumbatu77

Naongeza kidogo kuhusu "windo halali", sera iliyosema Mkandamizaji, yaani adui aliyetangazwa rasmi, anaweza kudhuriwa kwa njia yoyote bila muumini kuadhibiwa. Kanisa husema ilifutwa 1968. Usomeni waraka wenyewe wa kufuta. Unasema watu wasitangazwe tena kwa jina hilo kwa sababu linaleta sifa mbaya, kisha unasema haubadilishi namna ya kushughulika na mtu wa aina hiyo. Lililofutwa ni jina.

Mfano wa karibuni: Ron Miscavige, baba mzazi wa David, aliondoka 2012. Mwaka uliofuata polisi wa Wisconsin walimkamata mpelelezi binafsi aliyekuwa akimfuatilia mzee huyo. Mpelelezi akawaambia polisi kwamba kazi ile ililipwa dola 10,000 kwa wiki. Kanisa lilikana kuhusika kwa Miscavige.

---

Hawa wa Ilala

Na lile "Shimo" wanalosema viongozi wa Scientology walifungiwa ni nini hasa? Nimelisoma mara nyingi bila maelezo.

---

Kisimani

Dada Hawa, makao ya juu ya kimataifa yako Gilman Hot Springs, karibu na Hemet, California, kama kilomita 130 mashariki ya Los Angeles. Ndani yake kuna ofisi za nyumba za kubebeka zilizounganishwa, zilizokuwa za viongozi wa kimataifa. Hizo ndizo zinazoitwa Shimo. Kuanzia 2004, kwa maelezo ya waliotoka, viongozi hao walianza kuwekwa humo bila ruhusa ya kutoka. Mlango mmoja wenye mlinzi, madirisha yamefungwa, kulala sakafuni, kutolewa kwenda kuoga na kurudishwa. Mchana na usiku ni vikao vya kukiri: mmoja anasimama, wengine wanamzonga kwa kelele hadi akubali kosa, hata asilolifanya. Asiyepiga kelele za kutosha anakuwa zamu inayofuata.

Juni 2009 gazeti la St. Petersburg Times la Florida lilichapisha ushuhuda wa watu wanne waliokuwa juu sana: Marty Rathbun, Mike Rinder, Tom De Vocht na Amy Scobee. Walisema Miscavige alikuwa akiwapiga watumishi kwa mikono yake. Rathbun alikiri kwamba naye alipiga wenzake. Kanisa lilikana kwamba Miscavige amewahi kumpiga mtu, likasema hao ni watu walioshushwa vyeo wenye chuki, na kwamba vipigo vilivyokuwepo walivifanya wao.

---

Ngurumo

Na Rathbun huyohuyo baadaye akageuka akawashambulia wakosoaji wenzake. Tumwamini yupi?

---

Kisimani

Swali la haki mkuu. Ndiyo maana mimi siegemei kwa Rathbun. Debbie Cook hakuwa kwenye kundi la wale wanne. Kanisa ndilo lililomshtaki yeye, San Antonio, Texas, kwa kuvunja mkataba wa kunyamaza ambao aliusaini alipoondoka 2007 na kulipwa dola 50,000. Februari 9, 2012 akapanda kizimbani na kuapa. Akasema alikaa Shimoni wiki saba mwaka 2007, pamoja na viongozi zaidi ya 100. Joto likapanda na umeme wa viyoyozi ukakatwa kwa agizo. Akasimamishwa kwa muda wa saa 12 ndani ya pipa la takataka akimwagiwa maji, huku wenzake wakimzomea akiri. Alipoulizwa kwa nini alisaini karatasi ile, alijibu kwamba angesaini lolote ili atoke. Kanisa lilikana maelezo yake, lakini liliacha kuomba amri ya muda ya kumzuia asizungumze, na Aprili wakamalizana kwa masharti ya yeye kutozungumza tena.

Waliomzomea Cook walikuwa viongozi wenzake, watu waliowahi kuongoza mabara. Kila mmoja alikwisha kukiri makosa yake kwenye makopo, kila mmoja aliandika ripoti juu ya mwenzake. Kwa mafundisho yao, aliyeko Shimoni amejiweka Shimoni.

---

Minneapolis Mswahili

Wakuu, sheria ya Marekani iko wapi kwenye haya?

---

Mlinzi wa Daftari

Nimefuatilia kesi hizi kwa miaka. Ndugu yangu, vizuizi ni vitatu.

Cha kwanza ni uhuru wa dini. Oktoba 1993 mamlaka ya kodi ya Marekani iliwapa msamaha kamili wa kodi baada ya vita ya miaka mingi. Kanisa likalipa dola milioni 12.5 na kufuta mashtaka yake. Hadhi hiyo inafanya majaji waogope kuingilia nidhamu ya ndani ya watumishi wa dini.

Cha pili ni neno "kulazimishwa". Marc na Claire Headley walishtaki 2009 kwa sheria ya usafirishaji wa watu na kazi za shuruti. Walishindwa, na Julai 2012 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya majimbo ya magharibi (Mzunguko wa 9) ikakubaliana na hukumu: walipata nafasi za kuondoka na hawakuondoka, na hofu ya kukatiwa mawasiliano na familia si shuruti kwa maana ya sheria hiyo. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wakidhani uzio na walinzi ndio minyororo mikuu. Mnyororo mkuu ni kwamba ukiondoka vibaya unatangazwa Mkandamizaji, na mama yako, mkeo na watoto wako waumini wanatakiwa wakukate. Sheria haiuoni mnyororo huo.

Cha tatu ni usuluhishi. Fomu ya kujiunga na kozi ina kifungu kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na waumini watatu walio katika hadhi nzuri. Luis na Rocio Garcia walifungua kesi ya madai ya fedha mwaka 2013 huko Tampa. Jaji akawarudisha kwenye usuluhishi huo. 2017 wakapewa takribani dola 18,000. 2021 rufaa ikakwama. Gawain na Laura Baxter pamoja na Valeska Paris walishtaki 2022 kwa kazi za shuruti tangu utotoni. Wapeleka hati walijaribu mara 27 kumkabidhi Miscavige wito, walinzi wakasema hawajui aliko. Jaji akaamua Februari 2023 kwamba ahesabiwe amepokea. Mwezi uliofuata kesi yenyewe ikapelekwa usuluhishi.

Ufa mmoja upo California. Wanawake waliomtuhumu mwigizaji Danny Masterson kwa ubakaji walidai pia kwamba walisumbuliwa na kanisa baada ya kuripoti polisi. Januari 2022 mahakama ya rufaa ikasema kifungu cha usuluhishi hakimfungi mtu kwa mambo yaliyotokea baada ya kuacha imani. Masterson mwenyewe alihukumiwa 2023, miaka 30 hadi maisha.

Ulaya ni tofauti. Ufaransa iliwatia hatiani kwa utapeli wa makundi, na mahakama ya juu kabisa ikathibitisha 2013. Ubelgiji waendesha mashtaka walishindwa 2016, nalo liandikwe.

---

Minneapolis Mswahili

Asante mkuu. Sababu ya kuuliza ni kwamba vijana wetu huku wanakutana na kile kipimo cha bure cha tabia, maswali 200. Mtu akiwa amekwisha ingia, atoke vipi?

---

Mlinzi wa Daftari

Kipimo hicho jina lake lina neno Oxford, lakini hakihusiani na chuo kikuu cha Oxford. Kazi yake ni kuonyesha "udhaifu" kisha kutaja kozi ya kuuondoa.

Kama bado yuko kwenye kozi tu: asisaini fomu mpya yoyote. Fomu hizo zina kifungu cha usuluhishi, na nyingine zina kifungu kinachokubali mapema kutengwa na watu badala ya kupelekwa kwa daktari wa akili endapo atachanganyikiwa. Kifungu hicho kilikuja baada ya Lisa McPherson kufa Desemba 5, 1995, baada ya siku 17 chini ya uangalizi wao hotelini Clearwater. Mashtaka ya jinai dhidi ya kanisa yalifutwa mwaka 2000. Fedha za kozi ziombwe kwa maandishi ndani ya siku 90, na ajue kwamba kudai fedha kunamtoa uanachama.

Kama ni Sea Org, njia ni mbili. Njia rasmi ni kuomba kuondoka. Atakaguliwa kwenye makopo wiki au miezi huku akifanya kazi za mikono, kisha atapewa karatasi za kunyamaza na "deni la mdoezi", yaani bei kamili ya kozi zote alizosoma bure. Deni hilo ni la ndani. Asilipe kabla ya kuzungumza na wakili. Faida ya njia hii ni kwamba familia huenda isikatwe. Hasara: kila wiki anayongoja ni wiki ya kubembelezwa abaki, na wengi hubaki.

Njia ya pili ni kuondoka bila ruhusa. Waliotoka wanaeleza kwamba kuna zoezi la kumsaka mtoro: watu hugawanywa viwanja vya ndege, stendi za mabasi na nyumba za ndugu zake. Wanajua pa kwenda kwa sababu mtu mwenyewe aliwaeleza maisha yake yote kwenye makopo. Kwa hiyo asiende kwa ndugu wa kwanza ambaye yumo kwenye faili. Wakimzuia kutoka, apige 911, simu ya dharura ya Marekani, na aseme maneno haya: "Nazuiwa kuondoka." Polisi hawawezi kumrudisha mtu mzima asiyetaka.

Kwa wageni wa nje ya Marekani jambo la kwanza ni pasipoti. Wengi huletwa kwa viza ya mtumishi wa dini, R-1, ambayo mwisho wake ni miaka 5, na viza hiyo imefungwa kwa mwajiri. Akiondoka inakufa, na ndiyo tishio analopewa. Ajue kuna viza T kwa waliosafirishwa na kutumikishwa, inayoombwa kwa fomu I-914. Simu ya taifa ya usafirishaji wa watu ni 1-888-373-7888, na unaweza kuomba mkalimani.

---

Hawa wa Ilala

Na mzazi ambaye mwanawe amemkata, afanye nini? Aende pale makao yao akapige kelele?

---

Tumbatu77

Hapana dada. Akifanya hivyo anawapa ushahidi kwamba ni Mkandamizaji kweli, na mtoto atawekwa kwenye makopo aulizwe kwa nini ameleta matatizo kazini. Asimtumie makala wala video za wakosoaji pia, maana kwa maelezo ya waliotoka barua za Sea Org hufunguliwa kabla ya kumfikia mhusika.

Amwandikie mambo ya nyumbani: nani kaoa, nani kajifungua, mwembe umezaa. Fupi, bila lawama, bila swali linalohitaji kujibiwa. Siku ya kuzaliwa, Krismasi au Idi, basi. Kila barua iwe na namba ya simu ileile na anuani ileile, na namba hiyo isizimwe. Mtu anayeondoka usiku bila simu wala fedha hupiga namba anayoikumbuka kichwani.